Hewa ya Makombo

Tanurini, 2 Juni

Kwako Kitinda,

Barua yako nimeipokea, na masikio yangu yanawaka ingawa hukuyashika. Naona kazi ya kupokea simu za watu wenye hasira kutwa nzima imekuambukiza hasira zao. Umesema ukitoka kazini hutaki hata kuiona simu, nikuandikie. Haya, nakuandikia. Ukiona alama za vidole kwenye karatasi ni unga, usije ukadhani kaka yako amelia.

Ni kweli, baridi imeingia, na mvua imekuja nayo mkono kwa mkono. Asubuhi ukungu unakaa mlangoni kama mgeni asiyejua kuaga. Mimi nina tumbo hili, ni blanketi langu la kudumu. Lakini Mama amebaki mifupa na maneno, na maneno ya Mama unayajua, yanachoma ila hayapashi moto. Chumba tulichompa kule nyumbani ukuta wake mmoja unapigwa na mvua mpaka unatoa jasho. Jana wifi yako alimfunika blanketi la tatu, Mama akauliza kama tumeanza kumzika kidogo kidogo.

Nina wazo. Hapa tanurini ninapooka mikate kuna kile chumba kidogo cha magunia, kimegusana na ukuta wa tanuri. Ni pakavu, pana joto mchana na usiku. Tatizo ni watu. Tunafanya kazi watu tisa, na msimu huu hakuna anayetaka kupumzika nje, wote tumejibana ndani kama mikate kwenye sinia. Tena madirisha nimeyaziba kwa magunia, maana unga unaoumuka ukipigwa na upepo hufanya ngozi juu, na mkate hutoka kama kandambili. Wifi yako anasema mahali pale panahema watu wengi mno kwa kifua cha mzee. Mimi sijui. Wazazi walipogawa, wewe walikupa akili, mimi wakanipa mwili. Amua.

Kaka yako, mwenye tumbo

*

14 Juni

Kaka,

Salamu zitangulie, lawama ziko nyuma yake.

Unaniuliza jambo ambalo hata mtoto angelijibu. Mzee anauawa na baridi. Umekaa naye wiki nzima kwenye chumba chenye ukuta unaotoa jasho, unasubiri posta ikuletee ruhusa ya kumpasha mama yako moto. Mpeleke tanurini leo hii. Na wifi umwambie, kwa heshima zote, watu wanahema tangu dunia iumbwe. Tangu lini pumzi ya mtu ikaua mtu?

Ningemchukua mimi, unajua. Lakini chumba changu kinaingia kitanda na kiti, na mtu akisimama mwingine lazima akae. Joto la huku nalo si la kumletea mzee. Nje lami inanata viatuni. Ndiyo maana huku mafua hatuyajui, mafua ni mali yenu. Sisi tunakohoa tu kidogo pale ofisini, kikohozi cha kiyoyozi. Tuko sabini kwenye ukumbi mmoja, madirisha hayakutengenezwa kufunguka, mashine inatupulizia hewa ile ile kuanzia asubuhi mpaka tunatoka. Koo linakauka, basi. Wakubwa wanasema ni vumbi la mashine.

Nimepata likizo fupi mwanzo wa Julai. Nitakuja, na nitalala na Mama huko huko kwenye magunia. Ole wako nikute dirisha liko wazi.

Mdogo wako, Kitinda

*

Tanurini, 25 Juni

Kitinda,

Amri imetekelezwa. Mama yuko tanurini, na mimi si bosi tena. Amepewa kitanda katikati ya magunia ya unga na anaendesha kiwanda kwa sauti. Yule mkandaji wetu tunayemwita Bubu, kwa sababu tangu ameajiriwa hajanyamaza, amepata wa kumshinda. Jana alimwambia Mama kwamba ngano ya mwaka huu ni nzuri. Mama akamjibu, "Ngano ni nzuri, mikono ndiyo sijui imetoka wapi." Bubu alinyamaza muda wa kuoka sinia mbili.

Hofu ya wifi yako isikusumbue. Kila asubuhi akileta chai anatusikiliza vifua mmoja mmoja kama fundi wa redio. Hakuna anayekohoa, hakuna hata anayepiga chafya. Mimi mwenyewe mzima kama kinu. Mvua ikinyesha wateja huingia wote ndani wasilowe, tunasimama bega kwa bega wakingoja mikate, na bado wote wazima. Nilimwambia wifi yako, "Umeona?" Akasema, "Bado hajaingia mgonjwa mmoja." Mwanamke yule akiamua kuwa sahihi, ana subira ya kobe.

Lawama ni moja tu, nayo ni ya Mama. Anataka dirisha la chumba chake liondolewe gunia. Anasema, "Hewa hii wameshaipumua wenzangu, mimi naletewa makombo." Nikamweleza habari ya unga kufanya ngozi. Akaniuliza nimezaliwa na yeye au na unga. Gunia sikulitoa hata hivyo. Amri ni yako, na unga ni wangu.

Tunakungoja. Lete kanga nyepesi usije ukayeyuka humu ndani.

Kaka yako, aliyepinduliwa

*

11 Julai

Kaka,

Nimefika salama na nimesharudi kwenye simu za watu. Nakushukuru, na wifi namshukuru zaidi, maana najua nani alikuwa anapika.

Sikuwahi kulala vizuri kama zile siku. Mama alinishika mkono usiku kucha kama zamani, anazungumza mpaka maneno yanaishia katikati. Ameniambia mambo yako ya utotoni ambayo nitayatumia siku nikikuhitaji. Usiku mmoja niliamka nikakuta ameng'oa gunia na kufungua dirisha mwenyewe, amekaa pale anavuta hewa ya nje, mvua inamrukia usoni. Nilimgombeza, nikafunga, nikalishindilia gunia kwa mti. Alinitazama akasema, "Wewe na kaka yako mnanipenda kwa kunifungia." Tukacheka.

Kile kikohozi changu kilichokuwa kinakusumbua masikio kimeisha chenyewe. Nilikuambia, ni mashine tu. Nilipotoka kwenye kile kiyoyozi kwa siku chache na kulala kwenye joto, kikayeyuka. Huku wenzangu bado wanakohoa, wawili wamelazwa, lakini hao walikuwa dhaifu tangu zamani.

Mbusu Mama.

Kitinda

*

Tanurini, 17 Julai

Kitinda,

Nakuandikia kwa haraka, usiogope kwa sababu ya ufupi.

Mama ana mafua. Yalianza baada ya wewe kuondoka, kidogo, pua na koo, sasa yameshuka kifuani. Bubu naye yuko kitandani kwao, amenyamaza kweli kweli, na wengine wanne hawakuja kazini. Tumebaki wanne tunakanda, na wateja wanapata mikate yenye maumbo ambayo sijawahi kuyaona. Mimi haijanigusa. Nadhani ugonjwa umeutazama mwili huu ukaona kazi ni kubwa mno.

Wifi yako amemrudisha Mama nyumbani na kufungua madirisha yote. Tuligombana. Nilimwambia anamuua kwa baridi. Anakaa naye, anamnywesha maji ya uvuguvugu kwa kijiko, na Mama anamwita kwa jina lako.

Kesho nampeleka hospitali wamtazame. Ni kutazamwa tu. Mama mwenyewe anasema anakwenda kuwaonyesha madaktari mtu aliyezeeka vizuri.

Usije kwanza. Likizo yako umeshaimaliza, usije ukapoteza kazi kwa ajili ya mafua. Nitakupigia ikibidi.

Kaka yako

*

8 Agosti

Kaka,

Nimengoja mpaka matanga yaishe. Siku ile ya mazishi sikusema nawe kwa sababu watu walikuwepo, na Mama hakupenda tuvuane nguo mbele za watu. Sasa tuko wawili.

Ulinipigia simu yote yakiwa yamekwisha. "Ikibidi," uliandika. Ilibidi lini, Kaka, ikiwa siyo wakati bado anaweza kunisikia?

Jambo la pili ndilo kubwa. Juzi walikuja ofisini kwetu watu wa afya, kwa sababu wagonjwa walikuwa wengi mno. Walitukusanya wakatueleza, na nilipokuwa nasikiliza niliona tanuri lako mbele ya macho yangu. Walisema baridi yenyewe haizai mafua. Mafua ni virusi, na virusi hukaa ndani ya watu. Baridi na mvua huwasukuma watu ndani, wakafunga madirisha, wakabanana. Mmoja akikohoa, hata akiongea tu, vitone vidogo visivyoonekana vinatoka kinywani mwake na kubaki vinaelea. Penye upepo vinatawanyika. Palipofungwa vinajazana, na kila anayeingia anavuta sehemu yake. Wakasema tena hewa ikiwa kavu vinaelea zaidi, na pua na koo vikikauka vinashindwa kumlinda mtu. Kavu, Kaka. Kama karibu na ukuta wa tanuri.

Wewe ukamweka mama yetu humo. Wafanyakazi tisa, wateja bega kwa bega, madirisha yamezibwa. Alikuomba dirisha. Ulimnyima ili mkate usifanye ngozi. Nimejaribu kulisema kwa namna nyingine, likose ukali, sikuweza. Mkeo, ambaye hakuzaliwa na Mama, aliliona. Wewe uliyezaliwa naye ulikuwa unatania.

Umetania maisha yako yote. Darasani ulitania, kwenye msiba wa Baba ulitania. Nataka barua moja kutoka kwako isiyo na mzaha.

Mdogo wako

*

Tanurini, 20 Agosti

Mdogo wangu,

Nimeisoma. Nimeirudia, nikatafuta mahali pa kujitetea, sikupata pa kuweka hata mguu mmoja. Uliyoandika ni kweli. Nilinyimwa akili, lakini macho nilikuwa nayo.

Kuhusu simu. Wiki ile Mama alinikataza. Alisema, "Mwache, atakuja na basi, atakaa na watu usiku kucha, ataugua." Nilidhani ni homa inayosema. Sasa sidhani hivyo. Ningekupigia hata hivyo kama ningekuwa mwanamume. Sikukupigia kwa sababu kila siku niliamka nikiamini kwamba ameamka nafuu.

Daktari aliyemtibu alinieleza hayo hayo waliyokueleza wewe, ila kwa upole, nao ukaniumiza zaidi. Nilimwambia sisi tulikuwa tunakimbia baridi. Akasema, "Wengi wanaikimbia baridi wakaingia midomoni mwa watu." Halafu akaniuliza ni nani pale tanurini aliyeanza kukohoa, na kama kulikuwa na mgeni. Nikamjibu kwamba mle ndani mna moshi, huwezi kujua nani anakohoa kwa nini. Hakuniandama.

Magunia nimeyatoa yote. Unga unapigwa na upepo, unafanya ngozi kama nilivyojua, na mikate inatoka tambarare. Wateja wananung'unika, wengine wamehamia kwingine. Waende. Bubu amepona lakini hasemi kama zamani. Anapita kwenye kile chumba cha magunia kwa ubavu, kama kuna mtu amelala.

Naona hii ndiyo barua uliyoitaka. Sikujua kwamba kumbe naweza.

Kaka yako

*

2 Septemba

Kaka,

Barua hii fupi, uijibu kwa ufupi.

Wale watu wa afya wamerudi. Wakubwa wamelazimika kuvunja ukuta mmoja na kuweka madirisha yanayofunguka. Joto limeingia, tunatoka jasho, na kukohoa kumepungua. Nikamwuliza mmoja wao, dada mmoja mpole, "Lakini sisi hatuna baridi, mafua yalitokea wapi?" Akanijibu kwamba joto nalo hufungia watu ndani, kama baridi tu. Kwenu mnafunga mkiogopa ukungu, kwetu tunafunga tukiogopa jua, virusi havijali mmekimbia nini ili mradi mko pamoja na hewa haitoki. Akasema hakuna kitu kinachoitwa kikohozi cha kiyoyozi. Kilichokuwa pale ofisini tangu Juni ni mafua.

Tangu Juni, Kaka.

Nilikuja kwenu nikikohoa. Nililala naye blanketi moja, uso kwa uso. Nilifunga dirisha lile kwa mkono wangu.

Silali. Nikilala namsikia akihema karibu na shavu langu. Kwa hiyo niambie jambo moja, na uniambie kama ulivyo, nimechoka kubahatisha: kabla sijafika, kulikuwa na mtu aliyekuwa anakohoa pale tanurini? Yeyote.

Kitinda

*

Tanurini, 10 Septemba

Kitinda,

Alikuwepo. Ni mimi.

Ilinianza kabla hujaja. Nilikuwa natoka nje kwenye kuni nakohoa huko, kisha naingia nikijifanya nimekwenda kuhesabu magogo. Wifi yako akija kutusikiliza vifua nabana pumzi. Unanijua, siwezi kukubali kuwa mgonjwa mbele ya wafanyakazi, na Mama angenicheka. Mimi ndiye niliyekuwa nampelekea uji wake asubuhi, namwinamia, nampuliza ule uji upoe. Fikiria hilo, nampulizia. Wewe ulipofika alikuwa ameshaupata, ila haujajionyesha. Na kile kikohozi chako pengine kilikuwa kitu kingine kabisa. Huyo dada mpole hakukupima.

Nilikuandikia kwamba wote tuko wazima kwa sababu uliniogopesha na ile amri yako. Niliogopa utasema sijui kumtunza. Ndivyo ilivyokuwa, nisamehe au usinisamehe, lakini lala.

Hili nalisema sasa tuliache. Usimwulize wifi yako, amekwisha kuchoshwa na habari hizi, na kumbukumbu yake si nzuri siku hizi. Bubu naye usimwulize, anapenda kuongeza chumvi.

Ulitaka nikujibu kwa ufupi nimerefusha. Nivumilie, sijazoea.

Kaka yako

*

21 Septemba

Kaka,

Barua yako imefika.

Basi ni wewe. Nimeisoma mara moja na sitairudia. Nilikuwa na zile zako nyingine kwenye bahasha, ile ya Juni uliyosema mko wazima na ile ya Julai uliyosema haijakugusa. Nilizitoa nizisome, nikaziweka mezani, nikakaa nazitazama. Halafu nikazichana bila kuzifungua. Jana nimelala mpaka jua likanikuta kitandani.

Kuja kwenu sitakuja. Mwaka huu sitakuja, na ujao sijui. Ndugu wameshaanza kunipigia kuniuliza kwa nini sisemi nawe, na nimewaambia sababu. Shangazi amesema hakutegemea hayo kutoka kwako. Nilitaka kukutetea, nikakata simu.

Usiniandikie tena. Ukiniandikia utaandika kitu, na mimi nitakisoma.

Nakuomba jambo moja tu, na ninakuomba kama mdogo wako: mtu yeyote akikuuliza, hata akiwa wifi, hata akiwa daktari yule, umjibu vile vile ulivyonijibu mimi.

Kitinda